Kuna ng'ombe amekufa kwenu? (Sehemu ya 11)

Najua niliahidi leo tuendelee na habari ya kukamua maziwa kwa mama anayerudi kazini. Itasubiri. Wiki hii hapa Nkende nimegombana na ukoo wa mume wangu kwa sababu ya nyama, na nimeona bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa sokoni.

Jumapili asubuhi nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu, napigiwa simu nifike kwa wakwe, kuna kazi ya jikoni. Nafika nakuta yule ng'ombe wa maziwa amelala ubavu karibu na zizi. Jana yake jioni alikamuliwa, mzima kabisa. Sasa tumbo limejaa kama ngoma, puani inachuruzika damu nyeusi, haigandi. Alikufa usiku lakini hajakakamaa, ukimkunja mguu unakunjika. Vijana wawili wameshaanza kuchuna mguu wa nyuma. Wazee wako kwenye viti vyao wanapanga nani apelekewe paja na nani apewe kichuri. Mama mkwe akanikabidhi sufuria kubwa ile ya shughuli.

Nikaiweka chini. Nikasema, "Baba, naomba huyu asiendelee kuchunwa."

Wenzangu wa Mara mnaelewa maana ya sentensi hiyo kutoka kwa mkamwana. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya mzee mbele ya wazee wenzake. Akifa, basi angalau aliwe. Kumfukia ni sawa na kuchimba shimo ukafukia pesa, halafu unawanyima majirani haki yao. Mume wangu yuko mbali kikazi. Nikampigia, akaniambia nisikilize wazee. Nikampigia bwana mifugo wa kata. Huyo alinisikiliza mimi.

Nitarudi hapo. Kwanza niwaambie kwa nini nilikuwa na ujasiri huo, maana si tabia yangu.

Zamani, nina kama mwaka mmoja tu tangu nimalize diploma, nikiwa kituo kimoja ambacho sitakitaja, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Ana kidonda karibu na jicho, katikati cheusi kama kipande cha mkaa, pembeni vimalengelenge, na uso umevimba upande mmoja. Kilichonishangaza ni kwamba mtoto anacheza. Nikigusa, halii. Nikamuuliza mama, "Ameumwa na mdudu?" Akajibu, "Labda." Nikaandika: kaumwa na mdudu. Nikasafisha, nikampa dawa ya kupaka, nikawaruhusu warudi nyumbani.

Kesho yake wakarudi. Uvimbe umeshuka hadi shingoni, mtoto ana homa, anapumua kwa shida. Tabibu wetu wa zamu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Hakumgusa mtoto kwanza. Alimtazama mama, akauliza kwa upole, "Mama, kuna ng'ombe amekufa kwenu?"

Mama akatazama chini. Akasema hapana. Mzee akanyamaza, akasubiri. Mama akaanza kulia, akasema ndiyo, wiki iliyopita, walikula kaya tano, na huyu mtoto alikuwa anachezea ngozi.

Mtoto alipona, nashukuru Mungu. Lakini ile siku moja niliyompotezea naibeba mpaka leo. Sikuuliza swali, nilijibu kwa niaba ya mama. Nilimpa "mdudu" mdomoni, na yeye akaupokea kwa sababu ulimwondolea aibu.

Ugonjwa ule ni kimeta. Ndiyo hiyo antraksi ya kwenye sinema, unga mweupe ndani ya bahasha, wanajeshi wamevaa kama wanakwenda mwezini. Wengi wetu hatujui kwamba ni kitu kimoja. Na mimi, tangu siku ile ya mtoto, nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu kimeta, na karibu kila ukurasa nakutana na jeshi. Muuguzi wa Tarime anatafuta habari za kidonda cha mtoto, anaishia kwenye kambi za kijeshi za Uingereza na Urusi!

Sababu ni mbegu zake. Mdudu wa kimeta akiwa ndani ya damu ya mnyama ni dhaifu tu. Ukimfungua mnyama, damu ikapata hewa, anajigeuza kuwa mbegu yenye ganda gumu, kitaalamu spora, na hapo jua, ukame na miaka havimsumbui. Mwaka 1942 wanajeshi wa Uingereza walijaribu mabomu ya kimeta kwenye kisiwa kidogo cha Scotland kinachoitwa Gruinard, wakiwa wamefunga kondoo pale. Kondoo wakafa. Kisiwa kikafungwa. Mwaka 1986 ndipo walipokisafisha kwa kumwagia tani 280 za fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari, na mwaka 1990 wakatangaza kuwa ni salama. Hesabu mwenyewe: miaka 48. Sasa fikiria pale uani mlipochunia ng'ombe wa Krismasi aliyekufa "ghafla", ndipo watoto wanapocheza rede.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi ni cha mji wa Sverdlovsk, siku hizi Yekaterinburg, Urusi. Aprili 1979 watu wakaanza kufika hospitali na homa na kifua, wanakufa ndani ya siku chache. Walikufa wasiopungua 64. Serikali ya Kisovyeti ikasema: wamekula nyama ya ng'ombe mgonjwa. Nyama! Maelezo yakakaa hivyo miaka mingi, na ukiangalia si maelezo ya kijinga, kimeta huja kweli kwa nyama. Ila mle mjini kulikuwa na kambi ya jeshi iliyotengeneza kimeta kwa ajili ya silaha, na mbegu zilivuja kwenye hewa.

Ilijulikanaje? Daktari mmoja mwanamke, Faina Abramova, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti, alificha vipande vya mapafu na viungo vingine vya marehemu wasije wakavichukua. Mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin akakiri kwamba chanzo kilikuwa jeshi. Mwaka huohuo timu ya Profesa Matthew Meselson kutoka Marekani ikaenda kuchunguza, na ndani yake alikuwemo mama mwingine, Jeanne Guillemin, aliyepita nyumba kwa nyumba kwa wafiwa. Waliwauliza jambo moja: marehemu alikuwa wapi mchana wa siku zile? Wakaweka alama kwenye ramani. Alama zikajipanga kwenye ukanda mwembamba kuanzia kambini kuelekea kusini, upande uleule upepo ulikovuma siku ya tarehe 2 Aprili, na mbele zaidi ukanda huohuo ukapita kwenye vijiji ambako mifugo ilikufa.

Nikisoma hapo nilimkumbuka yule tabibu mzee. Kule serikali ilisingizia nyama wakati haikuwa nyama. Huku kwetu ni nyama, na tunasingizia mdudu. Na kote ukweli ulipatikana kwa mtu aliyeketi na mama akamuuliza vizuri.

Halafu Oktoba 2001, Marekani. Hizo ndizo bahasha za unga mlizozisikia. Watu 22 waliugua, 5 wakafa. Miongoni mwa wagonjwa alikuwemo mtoto wa miezi saba wa New York, ambaye mama yake alikuwa mfanyakazi wa televisheni na alimpeleka ofisini mara moja tu. Mkono ukavimba, kidonda kikatoka. Hospitali kubwa, madaktari bingwa, mashine zote. Unajua walidhani nini mwanzoni? Kaumwa na buibui. Mtoto akaishiwa damu, figo zikayumba, ndipo ikajulikana, na akapona. Sikufurahi kusoma hivyo, ila nilijisamehe kidogo.

Uchunguzi wa polisi wao wa FBI uliishia kwa kusema aliyetuma barua zile ni mwanasayansi wa maabara ya jeshi lao wenyewe, Bruce Ivins, aliyekuwa akitafiti chanjo ya kimeta. Alifariki 2008 kabla ya kufikishwa mahakamani, kwa hiyo kesi haikusikilizwa. Oktoba hiyohiyo na Nairobi walipata hofu yao: Waziri wa Afya Sam Ongeri alitangaza kwamba barua iliyotoka Marekani ina kimeta, baadaye vipimo vikaonyesha haina.

Tangu hapo pesa nyingi zimeingia kwenye kuvinasa vimelea kabla havijaua. Majeshi wana vipande vya kupimia kama vile vya malaria tunavyowachoma vidole kliniki, mistari miwili, dakika chache. Wamarekani waliweka mitambo mijini inayovuta hewa kwenye vichujio, watu wanapita kila siku kuvikusanya kupeleka maabara. Mitambo imewahi kupiga kelele mara nyingi na hakuna hata mara moja lilipokuwa shambulio. Hata kwetu waliwahi kuja kuangalia: Novemba 2010 seneta wao Richard Lugar alifika Uganda na maofisa wa wizara ya ulinzi kukagua maabara za Entebbe zinazohifadhi vimelea kama hivi, wakihofia ulinzi wake ni mdogo, mtu anaweza kuviiba.

Sisemi ni kazi bure. Ila nilicheka peke yangu wodini usiku ule niliposoma. Mwizi wa kimeta ana haja gani ya kuvunja maabara? Kimeta kipo ardhini kwetu. Watafiti walipima sampuli za damu za wanyama wa eneo la Serengeti za kuanzia 1996 hadi 2009, wakiwemo mbwa wa vijijini. Mbwa anakula mzoga, mara nyingi hafi, lakini damu yake inabaki na alama kwamba alikutana na kimeta. Kwa hiyo kitambuzi cha kimeta kinalala mlangoni kwako na kinabweka usiku. Na nyie mnaonunua nyama pori ya kificho kutoka huko upande wa Mugumu, sitawashtaki, mimi si askari wa wanyamapori, lakini muuzaji hakuambii kama huyo nyumbu alipigwa mshale au aliokotwa.

Novemba 2023 kimeta kilikuwa Kyotera, Uganda, wilaya inayopakana na Kagera yetu. Watu walivimba mikono na miguu, wakafa, na kwa muda ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Mwaka huohuo kilikuwa Kenya pia. Hakuna jeshi lililotuma.

Sasa ya nyumbani kwako. Soma hapa hata kama umeruka huko juu.

Mnyama akifa ghafla, hasa kama jana alikula vizuri, akatokwa na damu isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, akavimba haraka na asikakamae, usimfungue. Usichune "tuone ana nini". Kumfungua ndiko kunakozimwaga mbegu. Funga mbwa, waondoe watoto, mwite bwana mifugo. Yeye atachukua damu kidogo tu, mara nyingi sikioni, na ataelekeza mzoga uchomwe au ufukiwe kwenye shimo refu. Ukimkosa, piga 199, ni bure, waambie uko wapi.

Mtaniuliza, na nikiichemsha sana? Usitegemee moto wa jikoni kwako. Kuchoma, kukausha juani, kuweka chumvi, vyote havikupi uhakika. Na hata kama ungeichemsha hadi iyeyuke, wewe mama umeshaikata kwa mikono, umeshika ubao, kisu, na mtoto alikuwa mgongoni. Wengi wanaambukizwa kwenye kukata, si kwenye kula.

Kidonda chake kinaanza kama kipele kinachowasha, siku moja hadi saba baada ya kugusa. Kinakuwa lengelenge, kisha katikati panakuwa peusi, na pembeni panavimba kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe. Na hakiumi. Jamani, hapo ndipo wengi tunapopotea. Jipu linauma, mtoto halali, unamkimbiza hospitali. Hiki hakiumi, unasema kitapona. Usikikamue, usikichanje, usikipake mavi ya ng'ombe wala unga wa betri (ndiyo, nimeona). Nenda hospitali. Aliyekula akianza homa, kutapika, tumbo kali, kuharisha damu, huyo asisubiri asubuhi.

Dawa ipo, na si ya ajabu. Penisilini hii tunayoijua inakifaa kimeta cha kawaida, na zipo nyingine, daktari atachagua. Kidonda cha ngozi kikiachwa bila dawa kinaweza kuua hadi watu 20 kati ya 100, kikitibiwa mapema kufa ni nadra sana. Na hakiambukizi kwa kikohozi kama TB, kwa hiyo msimtenge mgonjwa.

Ila dawa inaanzia kwenye jibu lako. Najua kwa nini mnaficha. Mnaogopa mnada utafungwa, mnaogopa mzee atasema umetoa siri ya boma, mnaogopa nesi atawasema mbele za watu kwamba mmekula mzoga. Hilo la mwisho ni kosa letu. Nimewahi kusikia wenzangu wakimgombeza mama kwa sauti hadi foleni nzima ikageuka, na sidhani kama mama yule atawahi kusema ukweli tena. Ukikutana na nesi wa hivyo, omba kuongea na daktari faragha, useme: kwetu kuna mnyama alikufa. Maneno manne tu. Hata tukisahau kukuuliza, wewe sema.

Na chanjo ya ng'ombe ipo, ya kila mwaka, mara nyingi wanaichanganya na ya chambavu. Baba mkwe alisema angechanja "msimu ujao". Sikumjibu.

Turudi Jumapili. Bwana mifugo alifika na pikipiki yake, akatazama, hakubishana na mtu. Alichukua damu ya sikioni akaipaka kwenye kioo, akaagiza shimo. Wale vijana wawili niliwanawisha kwa sabuni na maji ya kumiminika hadi viwiko, nguo zao zikachemshwa, nikawaambia twende hospitali wakaonwe. Mmoja akaja. Mwingine akasema hawezi kwenda hospitali kwa kushika nyama, watu watamcheka.

Kufukia kulichukua hadi jioni, na majirani waliokuja na vyombo vyao walirudi navyo vitupu. Mama mkwe aliniambia neno moja tu siku hiyo: "Umetunyima ng'ombe mara mbili." Jumatatu sokoni nikaitwa nesi wa kuzika ng'ombe. Jumanne sikuletewa maziwa, na Jumatano pia. Nilikuwa nakaa nikijiuliza, je majibu yakirudi kwamba haikuwa kimeta? Ng'ombe anaweza kufa ghafla kwa mambo mengine, hata kuumwa na nyoka. Nitaitazamaje familia hii? Bado sina jibu, na ile slaidi mpaka naandika haijarudi na majibu.

Jana, Alhamisi, saa moja jioni, simu. Mama mkwe hana simu, aliazima ya jirani. Hakusalimia.

"Nesi, huyu kijana aliyekataa kwenda na wewe, ana kitu kwenye kidole. Alikificha, nimemkamata wakati ananawa."

Nikauliza kikoje.

"Kidogo. Kama kipele, kina maji. Mkono ndio umejaa." Akanyamaza, halafu akasema, "Nimekibonyeza pembeni kwa kitambaa. Hakiumi."

Nilikuta bodaboda ameshaitwa, kijana ameshavalishwa shati safi, na mama mkwe amepanda nyuma yake kuhakikisha hashuki njiani. Hospitali tabibu alipofungua kinywa kuuliza, mama alimtangulia: "Kwetu kuna ng'ombe amekufa."

Kijana ameniruhusu niandike haya, mradi nisiseme jina. Yuko wodini, anachomwa sindano, na uvimbe tangu asubuhi haujapita kiwiko.